Kupima dawa kwa Shewanella, mdudu anayepumulia chuma (na rezazurini yako pia)

Kama umezoea kupima dawa kwa E. coli na Staph, halafu siku moja msimamizi wako akakutolea kichupa kutoka friza la minus 80 akakwambia "jaribu na huyu", na huyo mwenyewe ni Shewanella oneidensis MR-1, bakteria wa matope ya ziwani, basi kaa kitako kwanza usikimbilie pleti ya visima. Mimi nilikimbilia. Nikafanya kila kitu kama nilivyozoea kwa E. coli, nyuzi 37, inokulamu (wadudu unaowapanda kwenye kisima) nimeweka kwa macho tu na ilikuwa nzito, asubuhi nikadondoshea rezazurini kwenye visima nikaenda zangu kunywa chai. Rezazurini si unaijua, ni bluu, wadudu walio hai wakiichezea inageuka pinki, kisima kilichobaki bluu unahesabu dawa imefanya kazi. Narudi na kikombe mkononi nakuta visima vya dozi kubwa ni pinki na vingine vyote ni vyeupe kama maji ya bomba, bluu imebaki kwenye kisima cha midia tupu peke yake. Nikaanza kujiuliza kama nilisahau kuweka rangi kwenye zile safu.

Sikusahau. Rangi ilikuwepo, ila ilishaliwa mara mbili. Rezazurini ikipewa elektroni inakuwa resorufini, ndiyo ile pinki, na ukiendelea kuipa elektroni inakuwa kitu kisicho na rangi kabisa. Bakteria wengi wanaishia kwenye pinki kwa muda ule tunaosubiri. Huyu anaenda mpaka mwisho wa barabara, na hata dawa ikimzuia asiongezeke bado anaweza kuendelea kugawa elektroni kama mtu anayegawa pipi msibani. Kwa hiyo pinki yangu kwenye dozi kubwa haikumaanisha dawa imeshindwa, na nyeupe haikumaanisha chochote nilichokuwa nadhani. Karibu kila kosa utakalofanya na Shewanella linatoka hapo hapo, anabadilisha vitu ulivyoweka kwenye kisima, rangi yako, kiyeyushi chako, fedha yako (metali, sio pesa), wakati wewe unadhani unampima yeye.

Mdudu mwenyewe

MR-1 alitolewa kwenye matope ya ziwa Oneida, jimbo la New York, Marekani, na mwaka 1988 Charles Myers na Kenneth Nealson wakaonyesha kwamba anaweza kuishi kwa kupumulia oksidi ya manganizi pale ambapo oksijeni hakuna. MR ni kifupi cha Kiingereza, manganese reducer, mpunguza manganizi, yaani anayeipa elektroni. Zamani alikuwa anaitwa Shewanella putrefaciens, jina la oneidensis alipewa 1999, kwa hiyo ukisoma makala za zamani usichanganyikiwe, ni huyo huyo. Jinomu yake ilisomwa yote 2002. Jina la jenasi linatokana na James Shewan, mtaalamu wa Uingereza aliyetumia miaka mingi kwenye bakteria wa samaki, na ndugu zake huyu mdudu ndio wanaoharibu samaki wa baharini kwenye barafu, ile harufu ya soko la samaki la Feri saa nane mchana huenda ukoo huu una mkono wake, wanachukua trimethilamini oksidi iliyomo kwenye samaki wanaipumulia, inabaki trimethilamini inayonuka.

Kwa kazi yetu unachohitaji kukumbuka ni kwamba ni gram hasi, fimbo, anaogelea kwa mkia mmoja, oksidesi chanya, anatoa haidrojeni salfaidi, na makoloni yake kwenye agari ya LB (chakula cha kawaida cha kuoteshea bakteria) yana rangi kama ya pichi au nyama ya samoni. Ile rangi inatokana na saitokromu c, protini zenye chuma ambazo amezijaza kuanzia ndani mpaka ngozi ya nje, zinapanga foleni (CymA, MtrA, MtrC, OmcA na wenzao) kupitisha elektroni kutoka ndani ya seli mpaka nje. Juu ya hapo anatoa flavini zinaelea kwenye maji na kubeba elektroni mpaka mbali na seli. Ndio maana nasema ule mchuzi wake, hata ukiondoa seli zote, usiuchukulie kama maji.

Watu wanamtumia kwenye vipimo vya dawa kwa sababu kuu tatu. Kwanza ni mwakilishi mzuri wa bakteria wa majini wasio na madhara, ukitaka kujua dawa au kemikali ikimwagika ziwani itawafanya nini wenyeji wa matope, yeye ni mwenyeji. Pili anatengeneza mwenyewe chembe nano za fedha ambazo zinaua bakteria, na watu wanazipima. Tatu anatoa umeme, kwa hiyo unaweza kusikiliza afya yake kwa waya. MR-1 ni wa kundi salama la kwanza, ila ndugu zake kama S. algae wanaleta maambukizi kwa watu, hasa kidonda kikiingia maji ya bahari, kwa hiyo kama umetoa Shewanella yako mwenyewe kutoka kwenye samaki au bahari mchukulie kama wa kundi la pili mpaka ujue ni nani. Njia rahisi ya kumshuku algae ni kwamba anaota nyuzi 42 na kwenye chumvi asilimia 6.5, oneidensis hawezi nyuzi hizo.

Joto ndilo linalowakamata wengi

Usiweke 37. Narudia kwa sababu inkubeta ya maabara nyingi ipo 37 mwaka mzima na hakuna anayetaka kuigusa. MR-1 anapenda 30, ukimpandisha 37 anaota vibaya, na mdudu anayeota vibaya anaonekana kama anauawa na dawa wakati anauawa na inkubeta. Utaripoti MIC (dozi ndogo kabisa inayomzuia asiote) ndogo ya kupendeza na itakuwa uongo.

Ushauri wangu ni 28. Mbona sio 30? Kwa sababu kuna mwongozo wa CLSI (taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya maabara) kwa bakteria wa wanyama wa majini ambao unatumia 28 na 22, na kwa joto hilo wameshaweka viwango vya udhibiti vya E. coli ATCC 25922 (ATCC ni benki ya vijidudu, namba ni ya aina yenyewe) na Aeromonas salmonicida ATCC 33658. Yaani ukipima Shewanella kwa 28 unaweza kuweka E. coli 25922 kwenye pleti ile ile siku ile ile, ukasoma saa 24 hadi 28, na ukajua kama dawa yako ni nzima au imeshaoza kwenye friji. Ukienda 30 MR-1 atafurahi kidogo zaidi lakini huna cha kujilinganisha nacho. Kama inkubeta ndogo huna, chumba kisicho na AC pale Dar mwezi wa pili kinakaribia kabisa joto analolitaka, ila usiniambie umefanya hivyo bila kipimajoto na bila kuandika, usiku joto linashuka na mchana linapanda, na AC ikiwashwa na mtu wa zamu unashuka 22 bila taarifa.

Kumwamsha na kumpanga

Kutoka kwenye kichupa cha glisero (asilimia 15 mpaka 20 ndio kawaida) kwangua barafu kidogo kwa lupu, usiyeyushe kichupa chote, chora kwenye agari ya LB, weka 28 au 30 kwa saa 24 mpaka uone yale makoloni ya rangi ya pichi. Ukiona koloni jeupe pe au la njano limesimama pekee yake, huyo sio yeye. Chukua koloni moja tupu, panda tena, na ile ya pili ndio utafanyia kazi. Pleti inakaa friji wiki mbili hivi, usiibebe miezi mitatu kama urithi.

Midia ya kawaida ya kupimia antibayotiki ni Mueller-Hinton iliyorekebishwa kalsiamu na magnesiamu, na MR-1 anaota humo vizuri. Ukitaka midia nyepesi ya kujitengenezea basi mpe lakteti, usimpe glukosi ukategemea atakula, MR-1 wa kawaida glukosi haimshughulishi. Hapa nimeshaona mtu amepoteza wiki anabadilisha dawa kumbe mdudu ana njaa tu.

Inokulamu sasa. Unalinganisha na McFarland 0.5, ukungu wa kipimo maalumu, na kama hamna ya kununua unatengeneza, mililita 0.5 ya bariamu kloridi asilimia 1.175 kwenye mililita 99.5 ya asidi ya salfyuriki asilimia 1, inatoa ukungu mweupe, unafunga vizuri unakaa nao gizani. Kwenye spektrofotometa nanomita 625 inasoma kati ya 0.08 na 0.13. Chukua makoloni tia kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.85, tikisa, linganisha. Shewanella anapenda kushikana mabonge, akikaa bila kutikiswa anashuka chini au anajenga utando, kwa hiyo tikisa vizuri na usubiri dakika moja mabonge yashuke halafu tumia ya juu. McFarland 0.5 tunakadiria seli milioni 100 kwa mililita, lakini kipimo hicho kilitungwa kwa kumfikiria E. coli na fimbo zake, huyu anaweza kukupa idadi tofauti kwa ukungu ule ule. Usiamini, hesabu. Nitakuonyesha hapo chini, ni rahisi mno kuliko kubishana na mkaguzi baadaye.

MIC kwenye pleti ya visima 96

Tuseme ni siprofloksasini. Tengeneza ya maikrogramu 128 kwa mililita kwenye brothi. Kisima cha 1 weka mikrolita 100 za hiyo dawa. Visima vya 2 mpaka 11 weka mikrolita 50 za brothi tupu, cha 12 weka 100. Sasa toa 50 kutoka cha 1 peleka cha 2, vuta sukuma mara tano sita, toa 50 peleka cha 3, endelea hivyo mpaka cha 10 halafu 50 za mwisho zitupe. Cha 11 hakina dawa, hicho ni cha kuonyesha mdudu anaota, na cha 12 hakina mdudu, hicho ni cha kuonyesha brothi yako ni safi. Badilisha tipu kila hatua tafadhali, najua tipu ni ghali, najua zinaoshwa, lakini tipu moja safu nzima inabeba dawa mpaka mwisho na MIC yako inaenda kombo.

McFarland yako ichanganye 1 kwa 100 kwenye brothi, unapata milioni moja kwa mililita, weka 50 kwenye visima 1 mpaka 11. Kila kitu kinagawanyika kwa mbili, dawa inakuwa 64, 32, 16 kushuka mpaka 0.125, na wadudu laki tano kwa mililita. Fanya safu tatu za kila dawa na safu moja ya E. coli 25922.

Sasa ile hesabu niliyokuahidi. Mara tu ukishaweka wadudu, toa mikrolita 10 kwenye kisima cha 11, tia kwenye mililita 10 za maji ya chumvi, tikisa, sambaza mikrolita 100 kwenye agari. Kesho unatakiwa uone makoloni kama 50. Ukiona 200 ulikuwa mzito, ukiona 8 ulikuwa mwepesi, na matokeo ya pleti hiyo yaweke pembeni urudie. Mimi ile siku ya rezazurini ningefanya hii hesabu ningejua kabla ya chai kwamba nimeharibu.

Funika pleti kwa kifuniko chake au filamu inayopitisha hewa. Hapa kuwa makini, ukiziba kabisa na plastiki ya gundi oksijeni inaisha na huyu bwana anahamia kupumulia vitu vingine, na hapo unakuwa unapima mdudu mwingine kabisa kwa tabia ingawa jina ni lile lile. Saa 24 mpaka 28, soma kwa macho juu ya karatasi nyeusi. Kisima chenye dozi ndogo kuliko vyote ambacho hakina ukungu wala kitufe (wadudu waliotulia chini) ndio MIC. Kitufe chake kina upinki kidogo, usikisingizie ni rangi ya dawa.

Kama unataka kujua dawa inaua au inazuia tu, chukua mikrolita 10 kutoka kila kisima kilicho safi, dondoshea agari ya LB, subiri siku moja mpaka mbili. Dozi iliyopunguza wadudu kwa asilimia 99.9 ndiyo ya kuua. Kwa Shewanella mimi nafanya hii kila mara, sio kwa hiari.

Usiandike "sugu" wala "si sugu" kwa MR-1. Ni mdudu wa ziwa, mipaka ya tiba imewekwa kwa wanaougua na vidonge vyao, kwa hiyo andika namba ya MIC, joto, midia na saa, basi. Hiyo inahusu diski pia (karatasi yenye dawa inayowekwa juu ya agari), ukifanya diski kwenye Mueller-Hinton ya unene wa milimita 4 andika milimita za duara usiende kwenye jedwali la Pseudomonas kuazima tafsiri.

Halafu kuna habari ya penisilini na kabapenemu. Ukoo wa Shewanella ndiko zilikotoka baadhi ya jeni ambazo leo zinatesa hospitali. OXA-48, kimeng'enya kinachovunja dawa za kundi hilo, ilionekana kwenye Klebsiella pneumoniae ya Istanbul ya mwaka 2001, ikachapishwa 2004, na mwaka huo huo ikaonyeshwa kwamba S. oneidensis ana yake ya kuzaliwa nayo kwenye kromosomu, OXA-54, inayofanana na OXA-48 kwa asilimia 92. Baadaye S. xiamenensis akajulikana kama chanzo chenyewe, na jeni ya qnrA inayopunguza nguvu za siprofloksasini imetoka kwa S. algae. Kwa hiyo ukiona MR-1 anasumbua kwenye dawa za kundi la ampisilini usikimbilie kuandika kwamba ziwa limechafuliwa na usugu wa hospitali, safari ilikuwa ya upande wa pili.

DMSO, kiyeyushi ambacho sio kiyeyushi tu

Hii inawahusu hasa wanaopima dawa za mitishamba, maana mti wako wa mwarobaini ukishaukamulia kwa ethanoli na kuukausha haurudi kwenye maji, wote tunakimbilia DMSO. Kwa E. coli ukibaki asilimia 1 na kontroli (kisima cha kulinganishia) moja ya DMSO mambo yanaenda. Shewanella anapumulia DMSO. Ana vimeng'enya vyake maalumu kwa kazi hiyo, nje ya seli kabisa, oksijeni ikipungua anaichukua DMSO anaifanya dimethili salfaidi, na ukifungua pleti utasikia harufu kama kabichi iliyochemshwa ikasahaulika. Maana yake kisima chenye dawa na DMSO kina mdudu aliyepewa pumzi ya ziada, na kisima chako cha 11 kisicho na DMSO hakina. Unalinganisha mtu mwenye mtungi wa oksijeni na asiye nao.

Fanya hivi, weka DMSO kiasi kile kile kwenye visima vyote pamoja na cha 11, kisha weka safu nyingine kamili isiyo na DMSO wala dawa uone tofauti. Weka chini ya asilimia 1 kadiri unavyoweza, tikisa pleti ili hewa iingie. Kama dawa yako inayeyuka kwenye ethanoli kidogo au maji yenye asidi kidogo, achana na DMSO kabisa.

Ukipima fedha, shaba na chembe nano

Hapa ndio penye utamu na ndipo wengi wanaanguka. Ukichukua nitrati ya fedha ukaimwaga kwenye Mueller-Hinton, kloridi iliyomo inaikamata inakuwa unga mweupe, na protini za nyama zinakamata iliyobaki. Dozi uliyoandika kwenye daftari sio dozi anayokutana nayo mdudu. Shaba nayo inakumbatiwa na amino asidi, na fosfati inashusha metali kibao. Kwa hiyo kwa metali tumia midia nyepesi ya lakteti, bafa ya HEPES badala ya fosfati kadiri inavyowezekana, na chumvi zako ziwe za nitrati au salfeti badala ya kloridi. Nitrati nayo anaipumulia, ndio, najua, huyu mdudu hana dogo, lakini ukiweka kiasi kile kile kwenye kontroli umeshalimaliza.

Halafu anaanza kazi yake. Anaipa ayoni ya fedha elektroni, inakuwa chembe nano, mchuzi unakuwa wa njano halafu kahawia ya chai ya rangi. Chembe hizo zinameza mwanga karibu na nanomita 400 mpaka 420, na mkia wa mmezo unafika mpaka 600 unaposomea ukungu. Mashine inakwambia wadudu wameongezeka wakati kilichoongezeka ni fedha. Nimeona grafu nzuri kabisa ya "ukuaji" ambayo ilikuwa kisima cha wadudu waliokufa wote.

Kontroli ninazoweka, na sipunguzi hata kama pleti inajaa, ni metali na midia bila mdudu, metali na wadudu waliokufa kwa joto, metali na mchuzi wa wadudu uliochujwa kwa chujio la maikromita 0.2 (hapo zile flavini utaziona zikifanya kazi bila mwenyewe), na wadudu hai bila metali. Ukipata aina ya MR-1 iliyotolewa jeni za mtrC na omcA ndio raha zaidi, unaona kipi kinasababishwa na ile foleni ya elektroni na kipi ni sumu ya kawaida. Matokeo yahesabiwe kwa makoloni kwenye agari, ukungu uwe msaidizi tu.

Kwa chembe nano ongeza kipimo kimoja, zungusha mchanganyiko kwenye sentrifyuji kwa nguvu, chukua maji ya juu peke yake, mpe mdudu. Somo hili lipo wazi kwenye kazi za Marekani za mwaka 2016, kundi lililohusisha vyuo vya Minnesota na Wisconsin walimpa MR-1 unga wa betri za lithiamu wenye nikeli, manganizi na kobalti, akashindwa kukua vizuri, na walipofuatilia wakakuta tatizo ni ayoni za nikeli na kobalti zilizoyeyuka kwenye maji, sio kwamba chembe zinamchoma kama sindano. Usipopima maji ya juu utamsingizia unga.

Njia nyingine nzuri hapa kwa wenye mashine ya kusoma pleti ni kupima kuchelewa. Mpe mdudu chembe kwa saa moja, kisha chukua kidogo sana, mikrolita 10, tia kwenye mikrolita 190 za LB safi, weka mashine isome ukungu wa 600 kila dakika 20 usiku mzima. Waliobaki hai wakiwa wachache wanachelewa kufikia ukungu fulani, tuseme 0.1. Tuseme kwenye mashine yako wanaongezeka mara mbili kila dakika 45, na kisima chako kimechelewa dakika 90 kuliko kontroli, hiyo ni mizunguko miwili ya kuongezeka, maana yake waliobaki ni kama robo. Dakika 135 ni moja ya nane. Tengeneza mstari wako wa kulinganishia kwa wadudu wazima uliowapunguza nusu, robo, moja ya nane, usitumie namba zangu. Na ujue waliojeruhiwa nao wanachelewa bila kufa, kwa hiyo mara moja moja linganisha na makoloni.

Zambarau ya ferozini, na umeme

Kuna wakati swali sio kama anakufa, swali ni kama bado anapumulia chuma, mfano unataka kujua antibayotiki kidogo kwenye matope inaharibu mzunguko wa chuma. Mpe sitreti ya chuma cha tatu na lakteti, toa oksijeni kwa kupuliza naitrojeni, funga chupa kwa kizibo cha mpira, kila baada ya muda vuta mikrolita 100 kwa sindano uiweke kwenye asidi haidrokloriki ya mola 0.5, kisha kidogo kutoka hapo kwenye ferozini (kemikali inayokamata chuma na kutoa rangi) ya gramu 1 kwa lita yenye bafa ya HEPES pH 7. Chuma kikishapewa elektroni kinatoa zambarau kali, unasoma kwa nanomita 562. Inapendeza macho, watoto wa shule wakija maabara ndio naonyesha hii.

Lakini usiiite MIC. Kloramfenikoli inazuia ribosomu, mdudu haongezeki, ila saitokromu alizokwisha kutengeneza jana zipo na zinaendelea kupitisha elektroni, chupa inageuka zambarau kama kawaida. Ni ile ile habari ya rezazurini yangu na MTT, rangi nyingine ya kupima uhai, pia ni ndugu yao, zote zinauliza "unagawa elektroni?" na sisi tunasikia "upo hai?"

Umeme ndio hivyo hivyo. Unamkalisha kwenye kitambaa cha kaboni ndani ya chumba kisicho na oksijeni, lakteti yake ipo, unashikilia elektrodi kwa volti ile ile bila kuibadilisha, mkondo unapanda mpaka unatulia, siku moja au mbili hivi, halafu unaingiza dawa na kuangalia unavyoshuka. Faida yake ni haraka, sumu ya kupumua inaonekana kwa dakika. Kasoro yake ni kwamba dawa ya ribosomu inachelewa kuonekana, na ukibadilisha maji umemwaga flavini kwa hiyo mkondo unashuka hata bila dawa. Kontroli yako iwe kubadilisha maji kwa maji.

Kuzimisha dawa, na kutupa

Kama unapima kiuaviini au fedha kwa muda maalumu, lazima uizimishe dawa kabla ya kuhesabu makoloni, na wengi tunatumia thayosalfeti. Shewanella anapumulia hiyo pia, anatoa haidrojeni salfaidi, na salfaidi ikikutana na fedha inakuwa nyeusi na inazimika zaidi ya ulivyopanga. Kwa hiyo zimisha, sambaza kwenye agari papo hapo, usiache mirija mezani ukaenda kula. Na upime kizimishi peke yake na mdudu, uone hakimuui wala hakimlishi.

Pleti za antibayotiki ziende otoklevu nyuzi 121 kwa nusu saa zikiwa kwenye mfuko. Za fedha, nikeli, kobalti na hasa za kromiamu usizimwage sinki baada ya otoklevu, otoklevu inaua mdudu tu, metali inabaki ile ile. Weka dumu lenye kifuniko chini ya meza, andika jina la metali na tarehe kwa maka isiyofutika, na umwambie anayesafisha maabara asilichukue kuwekea maji, kwetu lilishachukuliwa mara moja.